Laptopu mpya ya bei rahisi ya Apple: nisubiri 2026 au nichukue Air ya M4 sasa hivi?

Kibao Kata – 8 Novemba 2025
Wakuu salaam. Nataka laptopu, hii niliyonayo imeshachoka. Nilikuwa nimeshajiamulia MacBook Air yenye chipu ya M4, ile ya inchi 13, halafu wiki hii naona habari kwamba Apple wanaandaa laptopu nyingine ya bei ya chini, eti itatoka mwakani nusu ya kwanza, ndani ina chipu ya simu na kioo chake ni kidogo kidogo kuliko cha Air. Sasa nimebaki njia panda. Nisubiri au nichukue Air yaishe? Na mnadhani itaitwaje, itakuwa inchi ngapi, bei gani? Maana kama ni dola 800 bora nijikaze niongezee, ila kama ni 600 hapo mambo yanabadilika. Karibuni.

Bisibisi – 8 Novemba
Kazi gani?

Mhasibu wa Usiku – 8 Novemba
Mkuu umeandika gazeti zima hujasema unaifanyia nini, bajeti mwisho ngapi, umezoea Windows au Mac, unatembea nayo au inakaa mezani. Hii ni kama mtu anaingia kwa daktari anasema "naumwa" halafu ananyamaza anamwangalia. Weka maelezo.

Chaji Mia – 8 Novemba
Maelezo ya nini, chukua Air ya M4 ukalale. Twende na historia kidogo. Umbo hili la Air lilipotoka 2022 na M2 lilianzia dola 1,199 na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) 8GB. Leo umbo lilelile, chipu mpya zaidi, RAM 16GB, dola 999. Haina feni kwa hiyo haipigi kelele, na Apple wenyewe wanasema betri inafika saa 18 za kuangalia video, hata ukiipunguza kwa uhalisia wa maisha bado unashinda nayo siku nzima chaja umeiacha nyumbani. Unasubiri uvumi wa nini?

Ngurumo2 – 9 Novemba
mimi naomba nianze na jina maana hapo ndipo penye utamu, jina "MacBook" tupu bila Air wala Pro liko wazi tangu 2019 walipoiua ile ya inchi 12, na kabla ya hapo lilikuwa la ile nyeupe ya plastiki ya 2006, kwa hiyo kila Apple wanapotaka kitu cha kati au cha chini wanaenda kabatini wanalifuta vumbi hilohilo, na ukiangalia iPad ndivyo walivyofanya, ya bei ya chini inaitwa iPad basi, zilizobaki ndizo zina majina ya ukoo. dau langu: MacBook. nukta

Mwanasiasa Mstaafu – 9 Novemba
Ngurumo hapana. Mwaka huu Februari walikuwa na nafasi ya kuita simu ya bei nafuu SE kama zamani wakaiita iPhone 16e. Herufi moja ndogo mkiani, na hakuna aliyejua kwa uhakika inasimamia nini. Mimi naona "MacBook e". Inatia aibu kidogo kuitamka lakini ndiyo itakayokuja.

Ngurumo2 – 9 Novemba
MacBook e?? itamkwe vipi, "makbuk eee" kama mtu ameitwa na mama yake?

Bi Hesabu – 9 Novemba
Jina litakuja lenyewe, tuzungumze bei, maana bei ndiyo inayoamua kila kitu hapo. Apple hawapangi bei kiholela, wanajenga ngazi. Air 13 dola 999, Air 15 dola 1,199, Pro ya inchi 14 yenye M5 iliyotoka mwezi uliopita dola 1,599. Sasa angalia mtego. Air 13 ina diski ya 256GB, ukitaka 512 unaongeza 200, unafika 1,199, ambayo ndiyo bei ya Air 15 yenye 256. Unajiuliza, si bora kioo kikubwa? Unaenda ya 15, unakumbuka diski, unaongeza 200 tena, uko 1,399, na hapo Pro yenye 512 tayari inakukonyeza kutoka mia mbili mbele. Uliingia na elfu moja unatoka na elfu moja na mia sita na unajiona umepata nafuu.

Sasa hiyo mpya itakaa ngazi gani? Wanafunzi wanauziwa Air 13 kwa 899 tayari. Na mwaka huu wauzaji wa mtandaoni wameishusha Air ya M4 hadi 799 kwenye mapunguzo. Kwa hiyo laptopu yenye chipu ya simu haiwezi kuuzwa 899 wala 799 na mtu mwenye akili akainunua. Lazima iwe chini kabisa, 599 au 699. Tena wameshajaribu maji kwa kidole: maduka ya Walmart kule Marekani waliuza Air ya M1 kwa 699 kuanzia Machi 2024, laptopu ya 2020 hiyo, na ikaendelea kushuka. Kama mtu ananunua laptopu ya miaka minne kwa bei hiyo, mpya ya bei hiyo ataikimbilia.

Kibao Kata – 9 Novemba
Wkuu nshukuru sn. Nndik n lptopu yenyewe muone mteso ninyopt.

Mhasibu wa Usiku – 9 Novemba
???

Kibao Kata – 9 Novemba
Sasa niko kwenye simu. Herufi A ya laptopu yangu imekufa. Ilianza kwa kusuasua, unabonyeza mara tatu inakubali moja, sasa imekata kabisa. Kwa Kiingereza pengine ningevumilia ila jamani Kiswahili bila A unaandika nini? Nina faili la maandishi juu ya dawati lina herufi "a" moja tu ndani, nainakili halafu kila nikihitaji A nabonyeza Ctrl na V. Ripoti ya kurasa kumi na mbili nimeiandika hivyo. Tatizo nikinakili kitu kingine naisahau, halafu katikati ya neno linajibandika jina la meneja wangu.

Haya maelezo: kazi ni kuandika, majedwali, vikao vya mtandaoni, na video fupi mara mojamoja za dakika mbili tatu. Bajeti dola 1,000, nikikaza sana 1,100. Natembea nayo kila siku begani. Hii ya sasa ni ya Windows 10, na mwezi uliopita tarehe 14 ndio wamesitisha kuitunza, na haikubali 11.

Bisibisi – 9 Novemba
Hahaha jina la meneja. Kibodi inabadilishwa mkuu, si lazima laptopu nzima. Model gani?

Na kama lazima ununue basi achana na Apple, tafuta ThinkPad T480 ya mtumba. Ina betri mbili, ya ndani na ya kuchomoa, unabadilisha ya nje kompyuta bila kuzima. RAM unaongeza mwenyewe, diski unaongeza mwenyewe, Windows 11 inakubali. Unabaki na zaidi ya nusu ya pesa yako mfukoni. Na herufi A yake ikifa unanunua kibodi, unafungua skrubu, umemaliza kabla chai haijapoa.

Chaji Mia – 9 Novemba
Bisibisi mtu akiuliza bei ya nanasi wewe unamwuzia ThinkPad.

Bisibisi – 9 Novemba
Jina halijabadilika tangu 1992. Nyie mnakaa kubashiri majina.

Mepesi – 10 Novemba
Naomba turudi kwenye ukubwa. Mimi ni yatima wa ile MacBook ya inchi 12 ya 2015. Kilo 0.92. Hamkuisoma vibaya, haikufika hata kilo moja. Unabeba mkoba unarudi kuufungua uhakikishe hujaisahau. Tangu waifute 2019 hakuna Mac nyepesi kama ile, Air ya sasa ya inchi 13 ni kilo 1.24, ya 15 ni 1.51. Kwa hiyo niliposikia "kioo kidogo kuliko cha Air" moyo ulinidunda. Tafadhali iwe 12.

Bi Hesabu – 10 Novemba
Mepesi pole lakini haitakuwa 12. Kwanza watu wanasahau kwamba inchi zinapimwa kutoka pembe hadi pembe, kwa hiyo tofauti inaonekana ndogo kwa namba na kumbe ni kubwa kwa eneo. Kioo cha Air kinachoitwa 13 ni 13.6 kwa kweli. Kutoka 13.6 hadi 12 umepoteza kama asilimia 22 ya eneo. Kutoka 13.6 hadi 13 kamili ni kama asilimia 9, hapo macho yanakubali. Ming-Chi Kuo, mchambuzi anayefuatilia Apple, tangu Juni alisema ni kama inchi 13, chipu A18 Pro, na rangi fedha, buluu, pinki na njano. Shirika la habari la Bloomberg nao mwezi huu wanasema kidogo kuliko 13.6. Habari zote mbili zinaangukia sehemu moja.

Halafu kioo kidogo sio lazima laptopu nyepesi. Ya bei rahisi huwa na kingo nene kuzunguka kioo, hapo ndipo wanapookoa pesa.

Mepesi – 10 Novemba
Umeniulia Jumatatu yangu.

Mhasibu wa Usiku – 10 Novemba
Kwa mwenye uzi: chukua karatasi ya A4 iweke mezani. Hiyo ndiyo Air ya inchi 13. Karatasi ni sentimita 29.7 kwa 21, Air ni 30.41 kwa 21.5. Yaani ukiifunika na karatasi inabaki ukingo mwembamba kama upana wa uzi wa kiatu. Sasa kama karatasi inaenea kwenye begi lako, swali la ukubwa umeshalijibu, hiyo mpya haitakupunguzia chochote cha maana begani.

Kibao Kata – 10 Novemba
Nimejaribu na karatasi. Inaenea. Ahsante mkuu, hii ndiyo lugha ninayoielewa.

Mama Pacha – 10 Novemba
Ngojeni na mimi niseme maana naona watu wanaimba "bei rahisi, bei rahisi" kama wimbo wa harusi. Miaka ya nyuma niliingia mkenge na laptopu ndogo ya bei rahisi, kampuni siitaji, waliotumia wataijua. Inchi 11, rangi ya buluu nzuri kama sare ya shule, nyembamba, kila aliyeiona aliisifia. Kwenye boksi wameandika 32GB. Mimi nikajua nyaraka zangu zote hazifiki hata 5, zitaenea na kubaki. Nilichokuwa sijui ni kwamba mfumo wenyewe ulikuwa umeshakaa mle ndani kabla yangu, kama mgeni aliyefika mapema akachukua kitanda. Siku ya kwanza nimeiwasha imebaki 9.

Mwezi wa tatu ikaja apdeti kubwa. Inaniambia nafasi haitoshi, chomeka flashi. Nikachomeka flashi. Inapakua usiku mzima, asubuhi nakuta asilimia 80, nikafurahi nikaenda kuandaa watoto, narudi nakuta inatengua mabadiliko, inarudi nyuma. Kesho yake vilevile. Nikafuta picha. Nikafuta programu ya kuandikia, nikabaki kuandika kwenye kivinjari. Nikafuta hadi sauti za lugha nisizozijua. Kila usiku inafika 80 inarudi, yaani nilikuwa naiota ile 80. Nikaipeleka kwa fundi, akaifungua, akaimulika na tochi ya simu, akaifunga palepale bila kugusa kitu. "Mama, hapa hakuna cha kuchomoa wala cha kuchomeka, RAM na diski vyote vimechomelewa kwenye bodi." Akakataa hata hela ya kuifungua.

Na kile kioo. Nikifungua jedwali moja naona safu mpaka herufi H, ya pili yake sioni kabisa. Shingo iliniuma hadi nikaenda kupimwa. Mwisho wake watoto waliichukua kuangalia katuni, nayo katuni yenyewe ilikuwa inakwamakwama.

Kwa hiyo mimi nikisikia laptopu ya bei ya chini swali langu la kwanza ni moja: RAM ngapi, diski ngapi, na je naweza kuongeza? Kwa Apple jibu la tatu tunalijua sote: hapana.

Bisibisi – 10 Novemba
Fundi huyo mwaminifu. Kuna wengine wangekuuzia "kuongeza spidi".

Ngurumo2 – 10 Novemba
pole sana dada, ila hiyo ilikuwa chipu dhaifu ya enzi hizo huwezi kuifananisha na A18 Pro, hii ndiyo chipu ya iPhone 16 Pro, kwa kazi inayotumia kiini kimoja tu cha chipu inaipita M1 na M1 mpaka leo watu wanaifanyia kazi

Mama Pacha – 10 Novemba
Mimi nimezungumzia nafasi, wewe umenijibu mbio. Gari likiwa na mbio halina viti abiria atakaa wapi?

Mwanasiasa Mstaafu – 11 Novemba
Hapo Mama Pacha kaongea. iPhone 16 Pro ina RAM 8GB. Wakiichukua chipu hiyo ilivyo, laptopu inakuja na 8GB. Na hawahawa Apple mwaka jana Oktoba waliipandisha Air hadi 16GB bila kuongeza bei, yaani walikubali kimyakimya kwamba 8 haitoshi. Sasa watasimama jukwaani 2026 watuambie 8 inatosha tena?

Chaji Mia – 11 Novemba
Kwa kuandika na vikao inatosha.

Mwanasiasa Mstaafu – 11 Novemba
Leo. Mtu ananunua laptopu ya kutumia miaka sita.

Chaji Mia – 11 Novemba
Kuna watu wako na M1 ya 8GB mwaka wa tano huu, hawajalalamika.

Mwanasiasa Mstaafu – 11 Novemba
Hawajalalamika kwako.

Mhasibu wa Usiku – 11 Novemba
Mkimaliza, kumbukeni na matundu. Chipu za iPhone hazina Thunderbolt, lile tundu la kasi la kuhamisha data na kuunganisha vioo. Kwa kazi ya mwenye uzi haimhusu sana, ila anayetaka vioo viwili vya nje mezani asubiri kwanza aone. Air ya M4 inaendesha viwili vya nje na chake kikiwa wazi.

Kibao Kata – 11 Novemba
Mimi kioo cha nje sina, nina herufi A tu ninayoitafuta.

Bisibisi – 11 Novemba
Hujataja model bado.

Kipakatalishi – 12 Novemba
Nimepita tu. Nimesoma uzi wote na neno "laptopu" nimelihesabu nikachoka. Tuna neno letu zuri, kipakatalishi. Limetokana na kupakata, kitu unachokiweka mapajani kama mtoto. Au semeni kompyuta mpakato. Mnabishana majina ya Apple ya kwenu hamyatumii.

Ngurumo2 – 12 Novemba
mkuu na jina lako la humu tungeshangaa ungesema kingine

Bi Hesabu – 12 Novemba
Swali la haki kabisa: iPad ni kishikwambi. Kishikwambi ukikivalisha kibodi kinakuwa kipakatalishi? Na hii mpya, ambayo ni ubongo wa simu ndani ya mwili wa laptopu, tuiiteje?

Kipakatalishi – 12 Novemba
Kipakatalishi. Kinachoangaliwa ni unavyokishika, sio kilichomo tumboni. Mtoto hata akiwa na akili za babu yake, unampakata.

Mwanasiasa Mstaafu – 12 Novemba
Hili jibu lina nguvu kuliko majibu yote ya RAM.

Chaji Mia – 12 Novemba
Sawa lakini ukiweka kitu cha chuma kinachopata moto mapajani huwezi kukipakata muda mrefu. Ndiyo maana nasema Air.

Ngurumo2 – 12 Novemba
mnaowacheka Apple kwa majina mnawaona Dell? Januari mwaka huu walifuta XPS, wakafuta Inspiron, wakafuta Latitude, majina watu wameyazoea miaka na miaka, wakaweka Dell, Dell Pro na Dell Pro Max, halafu ndani ya kila moja kuna ya kawaida, Plus na Premium, sasa kuna mashine inaitwa Dell Pro Max 16 Plus, nikiisoma kwa sauti najiona naagiza mafuta ya injini

Mwanasiasa Mstaafu – 12 Novemba
Na Pro Max wamelitoa wapi hilo jina? Kwa jirani Apple, kwenye simu zao. Huwezi kumwacha mkeo wa miaka thelathini ukaoa jina la mke wa mwenzio.

Mepesi – 12 Novemba
Kampuni zote zinaenda kwenye udogo sasa lakini. Microsoft mwaka huu Mei walitoa Surface Laptop ya inchi 13 kwa dola 899 na Surface Pro ya 12 kwa 799. Kwa hiyo inchi 12 haijafa. Nasema tu.

Bi Hesabu – 12 Novemba
Na hiyo Surface ya 899 imekuja na RAM 16GB. Hapo ndipo Apple wanabanwa. Wakija na 8GB inabidi bei iwe chini ya 700, hakuna namna.

Mzee wa Ramani – 14 Novemba
Vijana mimi nakumbuka mbali kidogo. Air ya kwanza 2008 Steve Jobs aliitoa kwenye bahasha ya kaki watu wakapiga makofi. Ilikuwa dola 1,799 na ilikuwa na tundu moja la USB. Baada ya miaka miwili, Oktoba 2010, ikaja ya inchi 11 kwa 999, na mwaka 2014 ile ya 11 ikashuka mpaka 899. Kumbe 899 ndiyo bei ya chini kabisa ambayo Apple wenyewe wamewahi kuipangia Air kwa mtu wa kawaida. Kwa hiyo mnapotabiri 599 mnajua mnatabiri kitu ambacho hawajawahi kukifanya kwenye laptopu tangu iBook ya 1999 iliyoanza na 1,599. Sisemi haiwezekani. Nasema tusiseme kama tumeshaiona risiti.

Bi Hesabu – 14 Novemba
Mzee nakuheshimu sana na hesabu zako ziko sawa. Ila simu nayo, mpya na bila mkataba wa mtandao, walikuwa hawajawahi kuizindua kwa 399 mpaka walipoizindua, iPhone SE ya 2016. Na 899 ya 2014 ukiiweka kwenye thamani ya pesa ya leo ni zaidi ya 999 ya Air. Bei inashuka, inashuka kwa mlango wa nyuma.

Mzee wa Ramani – 14 Novemba
Haya binti yangu. Tutaonana mwakani.

Mama Pacha – 15 Novemba
Mwenye uzi yuko wapi? Tumemwachia A yake tukaenda kuoa na kuacha.

Kibao Kata – 16 Novemba
Nipo nawasoma. Nilichokielewa mpaka sasa: Air ya M4 ni salama, mpya huenda ikawa 599 hadi 699 ila ikaja na 8GB, ukubwa hautanisaidia. Sasa nimeanza kuwaza nikae na Air ya 15. Nikiwa kwenye jedwali kubwa kioo kinanifaa.

Mhasibu wa Usiku – 16 Novemba
Dola 1,199. Bajeti yako mwisho 1,100. Bi Hesabu aliusema huo mtego tarehe 9 na wewe unauingia mzima mzima na viatu.

Kibao Kata – 16 Novemba
Ni asilimia 27 zaidi ya eneo la kioo, nimepiga hesabu kama alivyofundisha.

Bi Hesabu – 16 Novemba
Nimemfundisha mwenyewe jamani. Mnisamehe.

Bisibisi – 16 Novemba
T480 ukichomeka kioo cha nje cha inchi 24 ni zaidi ya mara mbili ya eneo na bado hujafika nusu ya bei.

Chaji Mia – 16 Novemba
Akichomeka na kukibeba begani?

Mwanasiasa Mstaafu – 5 Desemba
Nauamsha uzi. Micron, watengenezaji wa RAM, juzi wametangaza wanaifunga Crucial, ile chapa yao ya RAM na diski tunazonunua sisi wa kawaida, wanataka kuwauzia wenye vituo vya data vya akili unde. RAM imepanda bei vibaya mwezi huu. Sasa tabiri tena hiyo 599 tuone. Na anayesema asubiri, anasubiri bei ishuke au ipande?

Bi Hesabu – 5 Desemba
Apple wananunua kwa mikataba mikubwa, hawaumii siku ileile kama sisi. Lakini ndiyo, hii inazidi kuisukuma mashine mpya kwenye 8GB. Bei yangu siibadilishi. 599, 699 kwa yenye diski kubwa.

Ngurumo2 – 5 Desemba
na mwishoni mwa 2026 wanasema Pro nayo inakuja na kioo cha OLED cha kugusa, bei juu zaidi, kwa hiyo ya chini inashuka na ya juu inapanda, katikati anabaki Air peke yake. jina bado nasema MacBook

Bisibisi – 5 Desemba
RAM ya T480 niliwaambia Novemba mnunue. Haya.

Kibao Kata – 7 Desemba
Wakuu apdeti fupi. Hatimaye nilimtajia Bisibisi model huko kwenye meseji, akanielekeza kibodi ya kuagiza. Imefika jana, nimeifunga mwenyewe, skrubu mbili zimebaki sijui za wapi. Herufi A inafanya kazi aaaaaaaa. Hela bado ipo. Sasa Windows 10 imebaki nayo hivyohivyo, hiyo sijaitatua, na Air 13 naiona imeshuka tena kwenye mapunguzo. Mke wangu naye kausoma uzi, anasema yeye anataka hiyo ya njano kama itakuwepo.

Bisibisi – 7 Desemba
Skrubu mbili ni za karibu na betri. Usiitikise.

Mhasibu wa Usiku – 7 Desemba
Mke anafanya kazi gani?